Kufuli la Kompyuta Mpya

Kilichomkera Bernadetta ni kitufe kimoja tu. Muuzaji aliyeleta kompyuta mpya ofisini kwao Nyamagana, ikiwa na programu ya Windows ya miaka ile ya tisini, aliapa kwamba bila neno la siri haifunguki. Bernadetta akabonyeza kitufe cha Esc, ikafunguka kama banda la kuku.

Na humo ndimo yangeingia majina kumi na moja ya watu wa kijiji kimoja cha Sengerema, waliotaja maofisa wanaokula rushwa ili samaki wavuliwe kwa sumu. La kwanza lilikuwa la Teodora, mjane mchuuza dagaa. Alikubali kusema baada ya Bernadetta kumuapia kwa Mungu kwamba jina lake halitafika serikalini.

Wiki tatu nzima Bernadetta aligombana na mkurugenzi wake, Mzee Luhaga, aliyekuwa karani wa serikali miaka ishirini na sita kabla ya kupunguzwa kazini na kuanzisha chama hiki cha kutetea wavuvi. Bernadetta alitaka programu nyingine, Linux, ambayo asiye na neno la siri hapiti. Mzee alitaka Windows kwa sababu wafadhili wanaitumia, na kwa sababu ya mchezo wa karata uliomo, ingawa hilo la pili hakulisema.

"Tukijifungia sana, binti, watauliza tunaficha nini."

"Tunaficha watu, Mzee."

Kichwa cha mzee yule ni jiwe, lakini hata jiwe huchoka kupigwa. Akakubali. Bernadetta akaiweka Linux mwenyewe, Jumamosi mbili, mgongo ukimuuma. Akaingiza majina, akampa Mzee neno lake la siri, akaenda zake nyumbani Pasiansi na moyo mweupe.

Jumatatu akamkuta Mzee anatabasamu. Alikuwa ameingia jana yake bila kukosea hata herufi moja, akaandika taarifa ya wafadhili na kuichapa. Bernadetta akaisoma. Majina yote yalikuwamo, Teodora juu. Chini ya sahihi paliandikwa: Nakala, Mkuu wa Wilaya, Afisa Usalama wa Wilaya.

"Mzee, hizi nakala zimekwenda?"

"Nimezituma Sengerema kwa kivuko cha kwanza. Barua ya ofisi haiendi bila nakala, huo ndio utaratibu."

Bernadetta alitaka kulia, alitaka kutukana. Akachukua mkoba wake.

"Saa za kazi hizi, unakwenda wapi?"

"Kumwambia Teodora ahame."