Mwanamke wa Kazi

Gamaliel alikibeba kikapu cha samaki wakavu cha mama yake hadi nyuma ya choo, akakifunika kwa gunia. Akarudi ndani akafungua madirisha yote mawili.

"Bado inanuka," alisema Florentine, mkewe, huku akinyoosha kitambaa cheupe juu ya meza.

Bilonda, mama yake Gamaliel, alisimama mlangoni, asijue aiweke wapi mikono yake. Alikuwa ametoka kijijini Kinkondja juu ya lori la muhogo kuja kumwona mwanawe mkubwa, karani wa reli hapa Kamina, kwa neno moja tu. Misheni ilimtaka Ngoie, kitinda mimba wake wa miaka kumi na saba, aende koleji. Tangu baba yao azame ziwani, Ngoie ndiye aliyekuwa akivua na mama yake, yeye akishika kafi, mama akivuta wavu. Kaka ndiye wa kutoa neno.

"Tutasemezana baadaye, Mama," Gamaliel alimwambia. "Leo bazungu banakuya kuangalia nyumba. Kama banaona tunaishi sawa na beye, batanipa karte."

"Karte ya nini?"

"Ya kuonyesha kama minyi haiko musendji tena, niko mustaarabu."

Miaka yote ya koleji, Bilonda alikuwa amekausha samaki ili mwanawe apate sabuni na mashati. Hakujua kwamba baada ya koleji kulikuwa na mtihani mwingine, na kwamba huo ungesahihishwa vyumbani.

"Ubakie jikoni, Mama. Usitoke."

Wazungu walikuja wawili. Kutoka jikoni, kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, Bilonda alisikia makabati yakifunguliwa, vijiko vikigongana, kitanda kikilia: walikuwa wameinua godoro. Alimsikia mwanawe akijibu Kifaransa kwa sauti nyembamba asiyoijua, kama ya mtu aliyekwama mwiba wa samaki kooni. Kisha wakatoka kuangalia choo.

Aliye mrefu akasimama mbele ya jikoni. "Huyu mama ni nani?"

Gamaliel hakumtazama. "Ni mwanamuke wa kazi, Bwana. Anafulaka nguo."

Mzungu akatabasamu kwa mara ya kwanza. Karani mwenye mtumishi! Akainama kidogo. "Weye mama, bwana yako iko muzuri?"

Kuku alipita katikati yao. Bilonda aliitazama tai iliyoikaba shingo ya mwanawe.

"Iko muzuri, Bwana," alisema. "Hanipigake."

Akaambiwa alete maji. Alimmiminia mzungu mikononi, polepole, asimrushie viatuni. Yule akajifuta kwa leso yake mwenyewe.

"Tutaona," akamwambia Gamaliel, nao wakaenda zao.

Gamaliel aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Florentine alikuwa amekwisha kutoka na vijiko kumrudishia jirani.

"Unisamehe, Mama. Bila ile karte nitabakia karani wa kubebeshwa mifuko ya barua. Muzungu mwenye alifika mwaka jana, minyi njo nilimufundisha kazi. Sasa njo chefu yangu, ananituma."

"Na koleji yako?"

"Iko kichwani. Beye banaangalia vijiko."

"Basi Ngoie abakie."

"Hapana, Mama! Umutume. Kama hasome, atakuwa nani?"

"Atakuwa mutoto yangu."

Gamaliel aliinuka kutoka kinuni. Akailegeza tai, kisha akaikaza tena.

Kesho yake Bilonda alirudi na lori lilelile. Kalenga, mkuu wa kijiji, alikuwa akimngoja kando ya njia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Gari ya misheni ilikuya jana," alisema. "Balimubeba Ngoie."

"Nani alikubali?"

"Minyi. Kila kijiji kinatoa mutoto moja. Bula Matari, serikali ya bazungu, njo anataka vile. Ningefanya nini, Mama?"

Bilonda aliutua mzigo wake chini.

"Alilia?"

"Alicheka. Balimupa viatu."

Hakuingia nyumbani. Alishuka moja kwa moja hadi ziwani, akayachota maji ya mtumbwini kwa viganja, akausukuma mtumbwi, akapanda. Wavu ulikuwa majini tangu juzi. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akavuta. Wavu haukuja. Mtumbwi ndio uliozunguka, ukazunguka tena mahali palepale, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kushika kafi.