Mashogi Yasiyovuja

Batuli aliyajaza maji mashogi yote aliyoonyeshwa, akayatundika kwenye nondo za dirisha, akakaa kitako kusubiri. Duka lilikuwa la mzee Ghalibu, karibu na soko la Tabora, na mwenyewe alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu anayeloweshewa sakafu. Zamani shogi lilikuwa la punda: mifuko miwili iliyounganishwa kwa mkanda, mmoja ubavu huu, mwingine ubavu ule. Siku hizi watu waliyatupia kwenye keria ya baiskeli. Ya turubai yalianza kutiririka kwenye mishono pale pale. Ya plastiki yalishika maji, lakini alipovuta mkanda ukamfuata mkononi. Ya ukindu hata hakuyajaza. Ukindu na unga wapi na wapi.

Batuli alikuwa bibi afya wa kijiji kipya cha Mkombozi, ng'ambo ya Kwihara, kwenye njia ile ya zamani ya misafara. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kwa malori na mvua ikakataa kuwafuata. Kila wiki yeye alichukua mjini unga wa msaada wa kuwapikia watoto uji, ule wa njano ambao watu waliuita yanga. Kabla ya kufika zahanati ilimbidi asimame kwa mwenyekiti wa kijiji, Bundala. Mzigo uliingizwa ndani kukaguliwa, naye akasubiri barazani. Ulipotoka ulikuwa umepungua.

"Mifuko yako inavuja, bibi afya," Bundala alimwambia kila mara, kwa huruma.

Batuli alimshuku fundi wa mifuko. Aliishuku barabara, akawashuku panya, na kuna siku alijishuku mwenyewe. Alimshuku hata Bundala, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti, na shaka ya namna hiyo mtu hukaa nayo kama mwiba wa samaki kooni. Kijiji kilimshuku Batuli. Minza, mama kijana ambaye mtoto wake alikuwa ameanza kuvimba miguu, alimuuliza mbele ya foleni nzima kwake nyumbani wanakula ugali wa rangi gani. Batuli alilia usiku ule, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Shikamoo tena, mzee," alisema sasa. "Ndiyo haya tu?"

"Marahaba, mwanangu. Yapo ya ngozi. Ya marehemu babu." Ghalibu aliyashusha darini. Yalikuwa meusi, yameshonwa kwa kano za ng'ombe. "Haya hayavuji kwenda nje. Lakini nisikufiche, yanavuja kwenda ndani."

"Vipi hiyo?"

"Kilichochukuliwa humo kwa hila kinarudi. Mnyapara wa babu alipunja posho ya wapagazi huko njia ya Ujiji. Kulipokucha ilikuwa imerudi humu."

Batuli aliyaona hayo kuwa maneno ya dukani. Alivuta mshono kwa meno, akachungulia ndani kwenye jua, akayapima kwenye baiskeli kuona kama kisigino kitayagonga akikanyaga pedali. Hakikugonga. Basi akayachukua.

Kwa Bundala mzigo uliingia na ukatoka umepungua, kama kawaida. Lakini alipoanza kupanda kuelekea zahanati, keria ikaanza kulia na tairi la nyuma likabonyea. Akashuka, akageuka. Mstari wa unga wa njano ulikuwa umetoka chini ya mlango wa mwenyekiti, unakuja taratibu katikati ya njia. Watu waliokuwa wakitoka kisimani waliuvuka kwa hadhari, wasiukanyage. Mpaka jioni mashogi yalikuwa yamejaa unga wa wiki ile na wa wiki zote zilizopita, mwingine umeshaingia fukusi. Uji ulipikwa mzito. Mtoto wa Minza akanywa, akaomba tena.

Kesho yake ukaitishwa mkutano.

"Unga umetoka nyumbani kwangu bila ruhusa," alisema Bundala.

Mzee mmoja akataka kujua kama ulitokea mlangoni au dirishani. Akaambiwa chini ya mlango. Watu wakayageukia mashogi, wakayatazama vibaya.

Batuli alisimama. "Mwenyekiti, samahani. Huo unga ulifikaje kwako?"

"Si ulivuja? Ukavujia kwangu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kila mtu alikwisha kusikia, tena siku nyingi, kwamba unga ulikuwa unavuja. Minza alifungua mdomo; mumewe akamvuta kanga, akaufunga.

Iliamuliwa unga urudishwe kwa mwenyekiti. Batuli aliurudisha, na kabla hajafika nyumbani ukawa umemfuata. Ndipo Alois, katibu wa kijiji, alipotoa wazo kwamba mashogi yapinduliwe, ndani iwe nje. Fundi akayafumua, akayapindua, akayashona upya kwa kano zile zile. Ghala la mjini likapewa agizo kwamba mashogi sasa ni mali ya kijiji, na bibi afya asipewe unga katika mfuko mwingine wowote.

Tangu hapo Batuli hana haja ya kusimama kukaguliwa. Unga unatoka wenyewe mara tu akifunga mkanda, unamtangulia barabarani, unapita Kwihara, unaingia chini ya mlango wa Bundala. Yeye anafika zahanati na ngozi tupu. Mgambo amewekwa njiani asimruhusu mtu kuugusa. Mashogi yenyewe hayana hata uzi uliolegea.

Mtoto wa Minza alizikwa siku ya unga. Baba yake alikuwa amembeba mikononi ndani ya shuka, watu nyuma yake, na Batuli nyuma kabisa akiikokota baiskeli. Walipofika njia panda mstari wa njano ulikuwa bado unapita. Mgambo akanyoosha mkono. Wakasimama, wakaungoja uishe, kisha wakavuka.