Baiskeli ya Kahaso Haijui Kuzunguka

Kahaso alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi uani kwake, nyuma ya ufuko wa Bofa, akikata vipande vya tairi kuukuu. Vipande hivyo vilikuwa vya kukaza gia kubwa kwenye gurudumu la nyuma ili isizile spoki. Mbele yake baiskeli ya marehemu mumewe, Jefwa, ilikuwa imepinduliwa magurudumu juu kama kuku anayengoja kunyonyolewa.

Injini ilitoka kwenye mashine ya kukatia nyasi iliyotupwa na hoteli moja. Tangi lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, na bado lilikuwa limeandikwa kwamba ni mazuri kwa moyo. Eksozi ilikuwa mguu wa kitanda chake mwenyewe, aliousindilia stiliwaya ya kusugulia sufuria ili usipige kelele. Kitanda kikabaki na miguu mitatu na tofali, naye akakilalia vizuri tu. Jefwa alikuwa fundi wa baiskeli, na Kahaso alimshikia spana miaka mingi, mpaka spana zikawa zinamtii yeye.

Mbeyu, jirani yake, alisimama mlangoni mwa ua na kikapu kitupu kichwani.

"Mwenzangu, umri huu pikipiki ya nini? Unatafuta bwana au unatafuta kaburi?"

"Natafuta pweza. Bwana nilimpata, akafa. Nishikie hii nati, usitie mchanga."

Kahaso na Mbeyu walikuwa wachokoa pweza. Maji yakitoka, huenda mwambani na vyuma vyao, wakachungulia mashimo, wakarudi na cha kupika na cha kuuza. Njia ya kwenda huko ilitoka majumbani kwao ikaenda moja kwa moja hadi pwani. Waliipita bibi zao, na Jefwa aliipita kila bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, kwa baiskeli hii, akimfuata mkewe kumbebea pweza. Kisha Bwana Oliver akanunua kiwanja cha pwani, akajenga ukuta mweupe mrefu, na ndani ya ukuta akajenga nyumba juu ya njia.

Wanawake walikwenda kwa chifu. Chifu akatandaza ramani mezani, akaitazama kwa heshima, akasema njia hiyo haipo. "Zungukeni kule mahotelini," akawaambia. Wakazunguka. Lakini mzunguko ni mrefu, na kila walipofika mwambani maji yalikuwa yameshaanza kurudi, na pweza hana tabia ya kungoja wageni. Kikapu cha Mbeyu kilikuwa kitupu tangu ukuta ulipomalizika. Cha Kahaso nacho kilikuwa kimegeuzwa cha kutagia kuku. Ndiyo maana akatengeneza baiskeli ya injini, apate kuzunguka upesi na kuyawahi maji.

Siku ya bamvua akachanganya petroli na oili, akapiga pedali, akaachia klachi. Injini ikakohoa, ikatema mate, ikakubali. Kahaso akaenda, leso inapepea, mbwa wanamkimbiza kwa muda kisha wanaona aibu.

Penye duka la Kalume, ambapo njia ya kuzunguka inakata kushoto, akapinda usukani kushoto. Usukani ulipinda. Gurudumu halikupinda. Baiskeli ilikuwa imezoea njia moja tangu enzi za Jefwa, na injini iliipa nguvu tu, haikuipa mawazo mapya. Ikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa Bwana Oliver, ikauingia.

Ndani ya ukuta kulikuwa na baridi na harufu ya saruji. Kahaso alifumba macho kwa ajili ya vumbi. Alipoyafumbua alikuwa bustanini, anaelekea bwawa la kuogelea. Bwawa lilichimbwa kwenda chini na njia ilikuwa juu tangu zamani, kwa hiyo magurudumu hayakulowa. Akalivuka.

Mbele yake ukawa ukuta wa nyumba yenyewe. Hapo Kahaso akafunga breki. Ukuta wa ua ni ukuta tu, lakini nyumba ya watu ni nyumba ya watu.

"Hodiii!"

"Karibu!" ikajibu sauti ya mwanamke kutoka jikoni.

Akaingia, akatokea kando ya televisheni. Bwana Oliver alikuwa kwenye kochi anakunywa chai. Kochi lilikuwa katikati ya njia, ikabidi ainue miguu.

"Napita, bwana. Usisimame," akasema Kahaso, akatokea upande wa pili.

Mwambani alikuta maji yako mbali na mashimo yako wazi. Alirudi kwa njia ileile, na pweza kwenye keria wakidondosha maji juu ya zulia. Hodi alipiga, na karibu alijibiwa.

Safari ya pili alimpakia Mbeyu. Mbeyu aliitazama sebule yote, mapazia, taa, samaki wa rangi ndani ya kioo, na walipofika ufukweni akasema, "Kochi lile rangi yake mbaya."

Bwana Oliver akaita polisi. Alikuja askari mmoja, akamkuta Kahaso sebuleni njiani kurudi, akamngoja azime injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Huyu mama anapitia kwa ukuta yangu," akasema Bwana Oliver. "Kila wakati maji ikitoka!"

Askari akaenda kuukagua ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akarudi. "Haujavunjika. Mama, hapa ndani uliingia kwa nguvu?"

"Nilipiga hodi."

"Ukajibiwaje?"

Shekha, mpishi, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimi nilimjibu karibu."

Askari akafunga kalamu yake. "Bwana, mtu amepiga hodi, mmemkaribisha wenyewe. Mimi nimshike kwa lipi?" Kisha akamwambia Kahaso avae helmeti, akaondoka.

Bwana Oliver akamgeukia Shekha, akamkataza kujibu tena.

"Bwana, mimi nimezaliwa Malindi mjini," akasema Shekha. "Chumvi ukinikataza, nitapika bila chumvi. Kunyamazia hodi mdomo wangu haujui."

"Basi maji ikitoka, toka uende sokoni."

Bamvua iliyofuata, Shekha alikuwa sokoni. Kahaso, na Mbeyu nyuma yake, akafunga breki penye ukuta wa nyumba. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshaingia sebuleni, na usukani, na kichwa cha Kahaso. Vilivyobaki vilikuwa nje.

"Hodi!"

Bwana Oliver akatazama televisheni.

"Hodi wenyewe!"

Bwana Oliver akaongeza sauti ya televisheni. Kahaso hakuwa mtu wa kuingia bila kukaribishwa, wala hakuwa mtu wa kurudi. Akangoja. Injini ikangoja pamoja naye, inanguruma, maana ikizimwa kuwaka kwake ni kazi. Eksozi nayo ilikuwa imeelekezwa mbele, kwa sababu mguu wa kitanda una kona yake. Moshi wa oili ukapita ukutani, ukajaa sebuleni, mzito na wa buluu, ukatanda darini, ukawafunika samaki wa rangi.

"Hooodi!" akaimba Kahaso, kwa upole kabisa.

"Mwambie tuna haraka, maji hayatangoja," Mbeyu akasema kutoka nje.

"Nimwambie nani? Labda hawako."

Ndani ya moshi mtu akakohoa, akakohoa tena, akagonga meza kwa goti, akasema neno la kwao. Kisha ikatoka sauti iliyokauka:

"Karibu! Karibu, pita! Pita uende!"

"Tumekaribia," akasema Kahaso, akapita.

Baada ya hapo wanawake walirudi kwa chifu. Walisema sasa mambo yako wazi, ukuta ufunguliwe, maana baiskeli imeonyesha njia inapopita, kila mtu ameona, na polisi ameona. Chifu akatandaza ramani ileile.

"Sikatai kwamba mnapita," akasema. "Lakini baiskeli si shahidi. Hapa hakuna njia."

"Mimi napita wapi basi?" akauliza Kahaso.

"Hilo ni lako wewe na baiskeli yako."

"Vyema. Nimesikia, chifu. Ni langu."

Akarudi nyumbani, akatangaza kwamba anataka baiskeli kuukuu, lakini si kuukuu yoyote. Anataka zilizowahi kupita njia ya pwani. Watu wakapanda mapaa, wakachungulia mabanda. Ikaja moja iliyokuwa imekuwa mlango wa banda la mbuzi. Ikaja nyingine iliyomea mpopoo ndani ya fremu, Mbeyu akaukata kwa shoka na kuomba radhi. Ua wa Kahaso ukajaa injini za kukatia nyasi, za kuvutia maji, na moja ya kusagia ambayo ilitaka kila mara kurudi nyuma. Vitanda vya kijiji kizima vikaanza kuegemea matofali.

Bamvua ikija, wanawake hupita kwa mstari. Kila mmoja hufunga breki, kila mmoja hupiga hodi yake, na Shekha, aliyeruhusiwa kurudi jikoni kwa sababu ya moshi, humjibu kila mmoja karibu yake mpaka sauti inamkauka. Wasio na baiskeli bado huzunguka, na bado hufika maji yakirudi.

Bwana Oliver ameshazoea. Kwanza alisogeza kochi hatua moja. Wageni wake wakija huwaambia wasiweke vikombe hapo, wanawake wa pweza watapita. Siku hizi hasogezi wala miguu, ameijua nafasi. Ukuta ameupaka rangi upya.

Juzi Kahaso alisimama mbele yake na pweza kwenye keria.

"Bwana, kochi umesogeza, shukrani. Na ukuta?"

"Ukuta, hapana," akasema Bwana Oliver, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Lakini nyinyi endeleeni tu, mama. Hamnisumbui tena."

Kahaso aliyachukua maneno hayo hadi nyumbani. Aliwaita wenzake waje na baiskeli zao, akaketi juu ya mbuzi yake, akaomba spana. Alifungua eksozi yake mwenyewe kwanza, akaingiza kidole, akavuta yote ile stiliwaya ya kuzuia kelele, akaitupa jalalani. Kisha akasema aletewe inayofuata.