Breki za Datsun

Walubengo alikaza nati ya mwisho ya gurudumu la mbele, akashusha jeki, akanawa mikono kwa petroli. Ile Datsun ndogo ya zamani ya Kimutai sasa ilikuwa na injini kubwa na breki mpya za diski. Breki za kwanza, zile za dramu zilizochakaa, zilikuwa ndani ya gunia kwenye buti. Eldoret mwenye gari huondoka na vyuma vyake vya zamani hata vikiwa takataka, kwa sababu hakuna anayemwamini fundi.

Kwenye gereji hiyo, aliyefunga breki ndiye huzijaribu, na mwenye gari hukaa kando yake. Fundi akikosea, wanaumia pamoja. Basi wakashika barabara ya Yamumbi jua likizama, Walubengo kwenye usukani. Kimutai alikuwa mkulima wa mahindi na mzee wa kanisa, na siku hiyo alikuwa na furaha.

"Inavuta kama ng'ombe ameona chumvi," alisema.

Karibu na posho mill ya kusagia unga, mwanamke mwenye jagi la maziwa alitoka kwenye mahindi akaingia barabarani. Walubengo akakanyaga breki. Gari likasimama palepale bila kuyumba, karibu kumgusa.

"Kumbe ni mtu," Kimutai akasema.

"Ulidhani ni nini?"

"Kila jioni nikipita hapa, gari inaruka kidogo. Nilidhani ni tuta. Lakini sasa nimemkumbuka. Hata ile siku ya kwanza breki hazikushika."

Siku ya kwanza ilikuwa miaka sita nyuma. Mwanamke huyo alikuwa Namalwa, mke wa Walubengo. Alikwenda kununua maziwa ng'ambo ya barabara, akagongwa na gari ambalo halikusimama. Watu walisema ni lori. Akazikwa kwao Webuye.

Namalwa alivuka polepole, akichunga maziwa yasimwagike. Walubengo alishuka akamfuata nyumbani. Kimutai akahamia kwenye usukani, akaenda zake.

Nyumbani Namalwa alibandika chai, akauliza kwa nini paa bado linavuja.

"Umechelewa," Walubengo akasema.

"Ni gari. Nikifika katikati ya barabara, kuna gari. Leo imesimama."

Wakanywa chai. Kulipokucha hakuwapo, na jioni akaja tena na maziwa. Ikawa hivyo kila siku. Jirani yao Mideva alianza kupitia hapo na kikombe chake, na kumwambia Namalwa kwamba amekonda.

Kisha Kimutai akarudi gereji.

"Fundi, injini ni sawa kabisa. Lakini hizi breki zimezidi."

"Breki haziwezi kuzidi, mzee."

"Kila jioni lazima nisimame hapo. Huyo mama anatembea kama bibi harusi, na mimi niko na kikao cha kanisa. Tena ananiangalia. Nirudishie zile za zamani."

"Huyo ni bibi yangu."

Kimutai alifikiri kidogo. "Pole sana. Lakini si alishakufa? Mtu akishakufa utamwua namna gani tena?"

"Utamgonga."

"Gari inaruka kidogo tu. Haiharibiki."

Walubengo akakataa. Kimutai hakubishana. Alitoa gunia kwenye buti, akalipeleka banda la pili kwa fundi Githinji, ambaye hakuuliza kitu. Githinji alipokosa spana ya kumi na nne alikuja kuiazima, na Walubengo akampa. Hapo gereji hakuna fundi anayemnyima mwenzake spana.

Walubengo alitumia alasiri hiyo kumtafuta mkewe kwenye mahindi ya ng'ambo, asimpate. Akavuka, akasimama kando ya barabara. Jua lilipozama Namalwa akatokea upande ule na jagi lake. Datsun ikasikika kwa mbali. Mlio huo Walubengo aliujua. Injini aliifunga kwa mikono yake. Aliingia barabarani akainua mikono yote miwili. Kimutai alikanyaga breki, na breki zikafanya kama zilivyozoea. Isipokuwa gari sasa lilikuwa na mbio kuliko zamani. Walubengo akaruka pembeni, kama mtu yeyote angeruka.

Datsun iliruka kidogo, ikapanda mlima bila kukohoa. Kimutai alipiga honi kumsalimia fundi.

Mideva alikuwa mlangoni na kikombe.

"Leo hakuna maziwa?"

"Hakuna."

"Basi nipe hata chai ya rangi."

Asubuhi Githinji alirudisha spana, imefutwa vizuri. Nyuma yake alisimama mtu mwenye Datsun nyingine, ya bluu. Alikuwa ameiona ile ya Kimutai ikipanda mlima wa Yamumbi, naye akataka injini kama hiyo. Kuhusu breki, alisema zilizopo zinatosha.

Walubengo akafungua boneti.