Chupa Yenye Joto

Mama Béata alifika labo ya Mapendo, maabara ya kupima magonjwa, na kitambaa cha kilio kingali kichwani, akamwambia Dokta Philomène bila hata kukaa:

"Nimekuja kuchukua mutoto wangu."

Philomène aliweka kalamu chini. Mtoto huyo, Uwitonze, alikufa kwa mpox katika kambi ya Kanyaruchinya, akazikwa watu wakiona, na Philomène mwenyewe alisimama kaburini.

"Mama, si tulimuzika?"

"Tulizika mwili. Landry wako ameniambia damu yake ingali nzima humu, ndani ya kuvezi, ile mashini ya joto."

Landry alikuwa msaidizi wa labo, kijana mwenye mdomo mwepesi, lakini safari hii hakusema uongo. Kabla mtoto hajakata roho, Philomène alimtoa damu kidogo, na ili mama akubali alimwambia, "Tukimaliza nitakurudishia itakayobaki." Lilikuwa neno la kutuliza tu. Nani hurudi kudai damu?

Ujana wote wa Philomène ulikwenda katika jambo moja. Ndani ya damu mna chembe nyeupe, askari wa mwili. Ugonjwa ukiingia, askari hao hujiua wenyewe kwa makundi, na mgonjwa anabaki bila mlinzi. Kwa nini? Alianza kuuliza Kinshasa, akauliza tena Ulaya, akakataa kazi nzuri kule, akarudi Goma mabomu yakilia upande wa Sake. Mume alichoka kumngoja, akaoa mwingine. Na chembe alizoziweka kwenye chupa zikafa, za mgonjwa huyu na za yule, hata akawa anaona haya kuombea kazi yake.

Kisha zikaja za Uwitonze. Hizo zilikataa kufa. Kila asubuhi alizikuta zinang'aa, zimeongezeka. Jibu lilikuwa humo, ila alikuwa bado hajalifikia.

"Alizaliwa hajatimia," Mama Béata alisema. "Walimutia kwa kuvezi, watu wakaniambia nitafute tu sanda. Akatoka muzima! Sasa mumemurudisha mule mule. Nitanawa matanga, nimalize kilio, namna gani na mutoto hajamaliza kufa? Wamama wa maombi wananichokoza: 'Béata, maji yamepoa, utaoga lini?'"

"Naweza kukupa nusu, mama."

"Mutu anagawanywa?"

Philomène akainuka. Kumpa zote ni kuua kazi yake. Kukataa ni kuvunja neno alilompa mtu aliyefiwa. Shetani hana haraka, humngoja mtu mahali njia mbili zimefungwa, akamwonyesha ya tatu.

Akaingia ndani. Katika kuvezi chupa zote zilifanana, zote na maji mekundu kidogo yanayolisha chembe. Nyingine zilikuwa na maji hayo matupu. Akachukua moja.

"Dokta, hiyo haina kitu," Landry alisema.

"Fanya kazi yako."

Mama Béata aliipokea kwa mikono miwili. Mara akashtuka, akaiweka shavuni.

"Yesu wangu! Angali na joto."

"Ni joto la mashini. Litapoa."

"Basi tungoje. Mutu haendi kaburini na joto. Kaa, dokta, usiniache naye peke yangu."

Wakakaa kwenye benchi uani, miguu juu ya mawe meusi ya volkano. Mama Béata aliimba wimbo wa kanisani polepole, akakatiza katikati, akainamia chupa. "Ukifika salimia baba yako. Mwambie ng'ombe zilibaki Masisi, asiniulize. Mwambie nilikushika mpaka mwisho." Kisha akamgeukia Philomène. "Guza wewe. Kufa ndiyo masomo yako."

Philomène akagusa.

"Amepoa?"

"Amepoa."

"Yote imo? Hakuna iliyobaki mule ndani? Sema mbele ya Mungu."

Ndani ya labo kuvezi ilikuwa inavuma. Philomène alitazama ile mikono iliyokauka, imefunika chupa kama watu wanavyofunika kifaranga.

"Yote imo, mama."

"Amina," alisema Mama Béata, na hapo ndipo alipolia.

Baada ya Jumapili alirudi. Alikuwa amenyoa, amejipaka mafuta, kitenge safi. Mkononi kibidoni cha mashanza, maziwa ya mgando ya ng'ombe mmoja aliyebakia kwa ndugu yake kule Lac Vert.

"Nilimuzika pembeni ya mwili wake. Nimenawa. Nimelala usingizi, dokta, kama mutu! Kunywa."

Akamimina kikombe mpaka juu. Kwa watu wa ng'ombe, anayekataa maziwa yako amekukataa wewe. Philomène akakishika.

"Najua nimekuharibia kazi," Mama Béata aliendelea kwa upole. "Mutu mwingine angeniibia. Nimekuombea. Mungu atakupa zingine."

Maziwa yalikuwa mazito; akayanywa funda kwa funda. Mama Béata alisimama pale akitabasamu mpaka alipoona kitako cha kikombe, akambariki, akaondoka.

Landry akatoa kichwa mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dokta, saa ya kuzilisha zile za Uwitonze."

Philomène akanawa mikono. Akanawa tena. Akaingia.