Wasiopiga Hodi

Mimi sina subira, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadai nilimficha. Ukinisukuma kwenye foleni ya maji nakurudishia palepale. Ndivyo nilivyolelewa kwetu Msata, na ndivyo nilivyoishi Tunduma miaka yote hii, kwanza nikiuza vitenge, halafu kuanzia mwaka 2008 nikiwa na kibanda cha intaneti, kompyuta nne, nyuma ya stendi.

Jukwaa la mtandaoni nililianzisha mwaka uliofuata, nikaliita Kijiwe cha Mpakani. Dereva wa lori aliyeko Lusaka au Lubumbashi anaandika barabara ikoje na nani kaharibikiwa wapi. Mke aliyebaki huku anamuulizia mumewe, na asiyejua kompyuta anakuja kibandani namwandikia. Watu walinizoea. Ukitaka habari ya mtu aliyevuka mpaka, uliambiwa nenda kwa Mama Ikram. Ikram ni binti yangu. Mimi mwenyewe naitwa Stumai, ila jina hilo Tunduma nzima hawalijui watu watano.

Halafu uchafu ukaanza. Asubuhi nafungua nakuta matangazo mia mbili: dawa za nguvu za kiume, viatu, bahati nasibu za nchi ambazo sijui hata ziko upande gani wa dunia. Nafuta, nageuka kunywa chai, yamerudi. Wala hakuna mtu aliyekaa akayaandika, ni mashine tu zinamwaga maneno popote zinapokuta mlango wazi. Nilifuta mpaka kidole kikauma. Baadaye wakaja wa Kiswahili, waganga na matapeli, na hao ndio walionitoa roho. Waliokota namba za simu ambazo watu waliziacha jukwaani, wakawapigia wake za madereva na kuwaambia mumeo kafungwa, tuma hela atoke. Nikapiga marufuku namba za simu. Kila namba niliyoiona niliifuta, hata yangu mwenyewe.

Tabita alikuja kwangu Machi 2010. Alitoka Ihanda, kule Mbozi, mkulima wa kahawa, mama wa mtoto mmoja, Rozi, na msemaji wa taratibu kiasi cha kunitia mimi wasiwasi. Mumewe, Watson Simkoko, aliondoka na mzigo wa Kongo tangu Januari na simu yake haikupatikana tena. Tajiri mwenye lori alimwambia kwamba lori limekutwa limeegeshwa Kapiri, huko Zambia, dereva hayumo, basi kakimbia kazi. Tabita hakuyaamini maneno hayo.

"Watson akikimbia, atakimbilia nyumbani," aliniambia.

Yeye hakuwa na simu. Nikamwandikia tangazo: Anatafutwa Watson Simkoko wa Ihanda, mkewe Tabita anaomba mwenye habari zake aseme hapa. Kila Alhamisi alipanda gari kutoka Ihanda, akaketi kwenye benchi langu na kuuliza kama kuna aliyejibu.

Alhamisi ya tatu kulikuwa na jibu. Kwa haraka yangu nikalisoma kwa sauti kabla sijaliona lote. "Tabita, usilie tena. Watson yupo na anakukumbuka." Tabita akasimama, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nami nikaendelea: "Atarudi ndani ya siku tatu. Fika kwa mtaalamu wa nyota na pete za..." Nikakatisha hapo. Mganga wa mtandaoni alikuwa ameyachukua majina yao kwenye tangazo letu na kuyabandika kwenye tangazo lake. Tabita akaniuliza huyo mtaalamu anakaa wapi, afuatwe. Ilibidi nimweleze mara mbili kwamba hakuna mtu wala habari. Aibu niliyoiona siku ile sijapata kuiona tena, na aibu kwangu mimi hugeuka hasira.

Nikafunga kibanda saa nane mchana, nikaingia kwenye mitambo ya jukwaa na kutafuta mahali pa kuweka masharti. Kwetu Pwani mtoto anajua kupiga hodi kabla hajajua kujifunga kanga. Mtu mwenye adabu hodi haimshindi, na mashine haijui hodi ni nini. Basi nikaweka sharti: mgeni anayeandika mara ya kwanza, ujumbe wake usipokuwa na neno hodi, utupwe moja kwa moja, hata mimi nisiuone. Juu kabisa nikaandika: Wageni karibuni, pigeni hodi. Na ili matapeli wasijue kwamba wanatupwa wakabuni mbinu nyingine, nikaagiza kila anayetuma aandikiwe: Asante, ujumbe wako umepokelewa. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe, nikaicheka peke yangu.

Uchafu ukaisha. Wageni wakawa wanapiga hodi, wenyeji tunaitika karibu, jukwaa likawa na heshima ya nyumba ya watu. Nilitamba, jamani. Kila aliyeketi kwenye kompyuta zangu nilimwambia dawa ya moto ni moto. Ila jibu la Tabita halikuja. Aprili ikapita, Mei ikapita.

"Hakuna, mama Rozi," nilimwambia kila Alhamisi.

"Haya, wiki ijayo," naye alinijibu, akafunga kitenge vizuri akaenda kutafuta gari la kurudi.

Mwishoni mwa Juni, siku ya Jumatano, aliingia mwanamume mmoja wa makamo, macho mekundu kwa safari. Hakusalimia.

"Wewe ndiye Mama Ikram wa jukwaa?"

"Ndiye."

"Mnajua kuandika asante, kumbe mna roho za mawe."

Nilishafungua mdomo nimpe yake, na mdomo wangu si wa kutafuta. Lakini akaketi kwenye benchi, akalitaja jina la Watson Simkoko, nikaufunga.

Aliitwa Boazi, dereva, Mnyiha wa Mbozi kama Watson. Akanieleza yote bila kupandisha sauti. Lori la Watson liliharibika Kapiri. Alishuka kutafuta fundi, akavamiwa, akapigwa kichwani, akanyang'anywa simu na karatasi zake zote. Waliomwokota walimpeleka hospitali Ndola, akakaa wiki nyingi bila kujua hata jina lake. Boazi alimkuta Aprili alipokwenda kumtazama mgonjwa wake mwingine, akamsikia mtu wa kitanda cha pili anaongea Kinyiha peke yake. Akili zilikuwa zimerudi, ila mwili ulikuwa unakwisha. Boazi akaingia kwenye kibanda cha intaneti cha kulekule, akaliandika jina la Watson, akalikuta tangazo letu.

"Niliandika siku ileile," akasema. "Watson yuko hai, yuko Ndola, mkewe aje haraka. Mkaniandikia imepokelewa."

Nilimuuliza swali ambalo nilijua jibu lake. "Ulipiga hodi?"

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Niliyaona hayo maneno yenu. Mama, mimi nimelelewa na bibi yangu. Alitufundisha kwamba anayeleta habari ya mtu anayekata roho hapigi hodi. Anaingia. Hodi ni ya mtu aliyekuja kuzungumza."

Hata kwetu ni hivyo. Msibani hakuna anayesimama mlangoni kungoja aambiwe karibu. Nililijua hilo tangu mdogo, na siku niliyoweka sharti langu sikulikumbuka, kwa sababu nilikuwa na hasira.

Boazi aliandika mara tatu. Mara tatu akaandikiwa asante. Watson aliishi siku kumi na tisa baada ya ujumbe wa kwanza, na kutoka Tunduma mtu hafiki siku ya tatu hajaingia Ndola. Alizikwa kulekule, wazikaji wakiwa Boazi na watu wanne wasiomjua marehemu. Kisha mzigo wa Boazi ukakwama Lubumbashi, na sasa ndiyo kwanza alikuwa anarudi.

Nilimwomba alale mjini, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Alhamisi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia Tabita peke yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Tabita alipofika, Boazi alimwambia kwa Kinyiha. Maneno sikuyaelewa. Tabita hakupiga kelele. Alikaa mikono mapajani, na wateja wawili waliokuwa kwenye kompyuta wakaondoka wenyewe bila kuambiwa. Alipozungumza tena alizungumza Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Aliniulizia?"

"Kila siku," Boazi akasema. "Kila nilipokwenda aliuliza kama mmejibu."

"Ukamwambiaje?"

Boazi akanigeukia. Ningeweza kusema umeme ulikatika. Tunduma umeme ulikatika kila siku, angeniamini. Uongo huo sikuusema.

"Nilimwambia mkeo ameambiwa," Boazi akasema. "Nilijua mmepokea."

Tabita alilikunjua hilo neno taratibu, nikamwona anavyolifikia. Mumewe alilala siku kumi na tisa akijua mkewe ana habari na hakuja.

"Mama Ikram," akasema. "Niandikie."

"Nimwandikie nani, mama Rozi?"

"Watson. Andika palepale tulipoandika kwanza. Sema: Watson, sikuambiwa. Ningeambiwa ningekuja hata kwa miguu."

Niliandika. Nilikosea herufi mara kadhaa, mimi ninayeandikia watu kutwa nzima. Halafu, kwa kuwa sikuwa na namna nyingine ya kulitoa moyoni, chini yake nikaongeza kwamba aliyeuzuia ule ujumbe ni mimi, Stumai, kwa sharti nililoliweka kwa mkono wangu. Nikamsomea yote kwa sauti, la kwake na la kwangu.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo la mwisho lifute," akasema. "Yeye wewe hakujui."

Nikalifuta.