Aliyeketi Ndiye Apigaye Kura

Balozi alikuwa ameketi tangu ukumbi ulipofunguliwa asubuhi, wala hakuwa na nia ya kuinuka. Hata chai aliikataa, maana chai ina safari zake. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kitambo, na mengine ndani yake yalikuwa yametangulia kufa ganzi. Wiki nzima alikuwa akingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, na kilio hakikuja.

Wiki hiyo vifaru vya nchi jirani vilikuwa vimevuka mpaka na kuingia mji mkuu wa kwao, rais akakimbia na nguo alizovaa. Haikupita muda ikatangazwa serikali mpya, nayo ikateua balozi mpya wa kuiwakilisha katika jumuiya ya mataifa. Sasa nchi moja ilikuwa na mabalozi wawili na kiti kimoja. Kamati ya kukagua vibali vya mabalozi ilijifungia chumba cha pili ikikuna vichwa. Na utaratibu wa pale ni kwamba kamati isipotangaza uamuzi, aliyeketi ndiye mwenye kiti. Akiinuka, akaketi mwingine, imekwisha hiyo.

Alasiri kungekuwa na kura: majeshi yatakiwe kuondoka, au la. Kiti cha nchi iliyovamiwa kikisema la, nusu ya ukumbi ingeshusha pumzi. Wenye nyumba wenyewe wameridhika, sisi ni nani?

Balozi mpya aliingia kabla ya mchana. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye wao wawili walimsomesha na kumwozesha. Suti ilikuwa mpya na imempwaya mabegani. Akainama nyuma ya kiti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekonda."

"Na wewe umeota mizizi." Alijaribu kucheka. "Inuka basi, mke wetu, twende ukanyooshe miguu. Ukapate kitu cha moto."

"Miguu imelala. Tusiiamshe."

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mzee mnene, balozi wa nchi nyingine, ambaye kwa miaka waliyokaa bega kwa bega alikuwa akimwita Jirani. Akachekea puani. "Huyo hang'oki, kijana. Tafuta benchi."

Shemeji alimwinamia tena balozi. Alishusha sauti. "Mama yako yuko kwangu. Nilimchukua mwenyewe siku ya kwanza, kabla mtaa haujafungwa. Anakula, analala. Ila wale mabwana kila saa wananiuliza, kiti vipi? Shemeji, usiniweke pabaya. Na yeye usimweke pabaya."

Balozi hakujua kama hicho kilikuwa kitisho au ombi. Huenda hata msemaji hakujua. Shemeji alibonyeza simu, akampa.

"Mama?"

"Eeh. Umekula?"

"Nimekula," alidanganya. "Hujambo huko?"

"Sijambo. Shemeji yako ana godoro zuri, mgongo umetulia. Ila mlangoni kuna kijana na bunduki. Mpole, tatizo hajui lugha yetu, tunaongea kwa mikono kama mabubu. Jana nilitaka kuanika shuka uani, akaniswaga ndani kama kuku."

"Mama, wanataka niondoke kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Cha kazini. Nisipige kura."

"Na ukiondoka, huyu kijana naye ataondoka?"

Balozi alimtazama shemeji. Shemeji alitazama zulia.

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Mimi nitaanika humu humu."

Alirudisha simu. Shemeji akaenda kusimama ukutani, mikono amefumbata, kama mtu aliyealikwa harusini na kukuta jina lake halipo.

Balozi wa nchi iliyovamia alihutubia kwa kituo. Hawakuvamia, alisema, waliitwa, na ndugu akiita haulizwi. Balozi alimsikiliza akijiuliza kama alizima pasi asubuhi. Alijaribu kukasirika, akakuta hakuna wa kukasirika. Kengele ililia. Mbele ya kila mmoja vitufe vilikuwa vitatu: cha kijani kwa ndiyo, chekundu kwa la, na cha manjano kwa wasio upande wowote.

Jirani aliongea bila kumtazama. "Wakubwa wangu wamenipigia. Manjano."

"Najua."

"Si mimi, dada yangu."

"Najua, Jirani."

Balozi alibonyeza kijani. Kidole chake hakikutetemeka, na hilo halikumpa fahari yoyote. Ubao uliwaka kijani karibu wote: majeshi yalitakiwa kuondoka mara moja. Watu walisimama na kupiga makofi, wengine wakamjia kumpa mkono, na yeye akaipokea mikono hiyo hapo hapo alipoketi.

Mwenyekiti aligonga meza. Akasoma uamuzi wa kamati: kuanzia kesho kiti kile kisikaliwe na yeyote mpaka uchunguzi ukamilike. Kisha akawakumbusha kwamba kikao cha asubuhi kingejadili viwango vya mizigo ya posta.

Ukumbi ulianza kumwagika nje. Shemeji alikuja, simu sikioni, mkoba kwapani, koti mkononi.

"Nyumbani hawapokei," alisema. "Wala mke wangu. Walikuwa wanatazama kura, simu zikakatika muda ule ule." Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. "Watoto wangu wako mle mle na mama, shemeji."

Balozi aliinuka. Mguu ulimkatalia, akajishikiza meza mpaka damu iliporudi. Kisha akamtolea shemeji mkoba kwapani na koti mkononi, akavishika yeye.

"Piga kwa wale wa nyumba ya pili. Uliza nusu-nusu, usiropoke."

Alitii, kama zamani alipokuwa akifanya mazoezi ya shule mezani kwao. Balozi alisimama kando yake na mizigo, akingoja woga umshike. Ulikuwa bado njiani.

"Na wale mabwana wakipokea wao? Wakiuliza kiti?"

"Waambie hakina mtu."

Shemeji aliitikia kwa kichwa, akahamishia simu sikio la pili.